Je, mbwa mwitu ndio waliomaliza elki na kondoo wa Idaho?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni Mkongo, naishi Twin Falls, jimbo la Idaho, Marekani, nimeajiriwa kuchunga kondoo. Bosi anasema tangu serikali irudishe mbwa mwitu wa kijivu, elki wameisha na wafugaji wanafilisika. Afisa mmoja wa wanyamapori akatuambia hasara haifiki hata asilimia 1 ya mifugo. Nimwamini nani? Na sisi tunaolala mlimani na kondoo tufanyeje?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Tuanze na elki, wale kulungu wakubwa wa milimani, maana hapo bosi wako amebeba nusu ya habari. Mwaka 1995 na 1996 mbwa mwitu walikamatwa Kanada wakaachiwa huru: 31 katika hifadhi ya taifa ya Yellowstone na 35 katikati ya Idaho. Kabla ya hapo kundi la elki la kaskazini mwa Yellowstone lilikuwa na wanyama wapatao 19,000. Hesabu ya 2013 haikutimia 4,000.

Ukiishia hapo, mshtakiwa ameshapatikana. Ila miaka hiyohiyo dubu aina ya grizli waliongezeka, puma nao wakaongezeka, baridi kali ya 1996–97 ikaua wengi, ukame ukafuata, na nje kidogo ya mpaka wa hifadhi wawindaji waliendelea kupewa vibali vya kuua majike kwa wingi. Watafiti walipowavalisha ndama wa elki vifaa vya redio vya kuwafuatilia kati ya 2003 na 2005, walikuta dubu wanaua ndama wachanga wengi kuliko mbwa mwitu, tena kwa tofauti kubwa. Kuna jambo jingine watu hulipita haraka: kwa elki wazima, mbwa mwitu humkamata zaidi jike aliyezeeka, ilhali risasi ya mwindaji humpata jike aliye katikati ya umri wa kuzaa. Kifo cha huyu wa pili ndicho kinacholiumiza kundi.

Kwenu Idaho, eneo linalotajwa sana ni Lolo. Elki wa huko walishuka kutoka takriban 16,000 mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi kama 2,000 mwaka 2010. Lakini walianza kupungua kabla mbwa mwitu hawajafika, kwa sababu vichaka vilivyoota baada ya moto mkubwa wa 1910 vilikuwa vimefunikwa na msitu, na chakula kikapungua. Mbwa mwitu walikuta kundi limeshadhoofika, wakalizuia lisiinuke. Hilo ni kosa lao na silifichi. Jimbo zima, hata hivyo, bado lina elki zaidi ya 100,000, na kuna wakulima wanaolipwa fidia kwa sababu elki wamewalia majani makavu ya mifugo.

Kwenye mifugo mambo yanageuka, na hapa namuunga mkono bosi wako zaidi ya afisa. Asilimia ile ni ya kweli, lakini ni wastani wa jimbo zima, na mbwa mwitu hawali kwa wastani. Wafugaji wengi hawapotezi hata mnyama mmoja, kisha mmoja anapigwa mara tatu katika msimu uleule. Agosti 2013, mashariki mwa Idaho, mbwa mwitu wawili walilitimua kundi usiku na kondoo 176 wakafa. Wachache tu walikuwa na alama za meno. Waliobaki walikimbia mteremkoni, wakarundikana na kukosa hewa. Kwa ng'ombe, utafiti uliofanyika Montana ulikuta kwamba shamba likishavamiwa, ndama wa kundi zima hupungua kama kilo 10 kila mmoja. Hasara hiyo haionekani kwenye hesabu ya mizoga.

Sasa kazi yako. Ukikuta mzoga, usiuguse wala usiuburute. Ufunike kwa turubai, zuia mbwa, piga picha za nyayo, mpigie bosi aite mkaguzi wa Wizara ya Kilimo. Mkaguzi atauchuna. Anachotafuta ni damu iliyovilia chini ya ngozi, kwenye mapaja ya nyuma, ubavuni na makwapani. Damu huvilia pale tu mnyama alipong'atwa akiwa hai. Matundu ya meno bila damu hiyo maana yake kondoo alikufa kwa jambo jingine, mbwa mwitu au koyoti (mnyama wa Marekani anayefanana na mbweha) wakaja kula baadaye, na fidia hapo ni ngumu kupatikana.

Kama ulikulia kwenye ufugaji, utashangaa kondoo hawa kulala bila zizi. Ile kamba yenye vitambaa vyekundu inayozungushiwa kundi usiku inafanya kazi kweli, lakini kwa mwezi mmoja au miwili. Mbwa mwitu wakishaizoea wanapita. Kwa hiyo iwekwe wakati wa hatari na kuondolewa, isiachwe msimu mzima. Bonde la Wood River, kaskazini mwenu, tangu 2008 wanachanganya kamba hizo, taa kali, honi, mbwa walinzi na watu wanaolala karibu na kondoo, na hasara yao imekuwa ndogo sana. Mbwa walinzi wawe kadhaa, maana mmoja peke yake huuawa. Na mkipewa eneo la malisho, ulizeni mapema pango la mbwa mwitu wenye watoto liko upande gani, ili kundi lisilazwe karibu nalo mwezi wa 6 na wa 7.