Setilaiti si mnara wa simu

Ripoti ya majaribio ya terminali, kifaa cha gari cha kutuma ujumbe kupitia setilaiti, imerudi tena na maneno mawili: "inafanya kazi". Terminali iliwekwa mezani uani, anga jeupe, setilaiti ikapita utosini, ujumbe ukaenda. Wadogo zangu, hapo hata kipande cha waya kingefaulu.

1. Orodha ya setilaiti isikae ndani ya programu ya kifaa. Tazameni Geespace, kampuni ya anga ya Geely, mtengenezaji wa magari wa China: setilaiti mbili za mwanzo zilipotea pamoja na roketi Desemba 2021, 9 zikarushwa Juni 2022 kutoka Xichang, 11 Februari 2024, 10 Septemba mwaka huohuo kutoka Taiyuan, na kufikia Septemba 2025 zilikuwa 64. Aliyeandika "9" ndani ya programu alibaki na magari yanayosinzia huku setilaiti zikipita juu yao. Efemerisi (jedwali la mahali setilaiti itakapokuwa) na orodha zije kwa mawimbi ya redio, na zipewe tarehe ya kuchacha.

2. Paa la kioo. Hapa ndipo aibu yetu ilipo, na wakongwe wote tuna fungu letu. Unaipima antena kwenye analaiza, chombo cha kupimia antena, inakaa sawasawa kwenye masafa yake ya redio, unatabasamu. Mbunifu wa gari naye anakuja na lake: antena isionekane. Unaipenyeza chini ya paa, unafunika na plastiki, unasaini fomu. Makosa mawili yameshaingia, na yote mawili ni mabubu. Kwanza, plastiki na kioo vilivyo milimita chache tu kutoka kwenye antena vinayashusha masafa yake, kwa hiyo ile ya mezani siyo tena iliyo garini. Pili, kioo cha kuzuia joto kina utando mwembamba wa metali. Jicho haliuoni, mawimbi yanagota: zinaweza kupotea desibeli 20 au zaidi, yaani nguvu inayotoka ni sehemu moja kwa mia.

Mbona majaribio yalifaulu? Kwa sababu setilaiti ya kilomita 600 ikiwa utosini, iko kilomita 600. Ikiwa nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, iko kama kilomita 1,930: desibeli 10 nyingine zimekwenda, na antena bapa huwa dhaifu zaidi upande huo. Mpito wa juu ya nyuzi 10, hata ule mzuri kabisa, ni kama dakika nane na nusu tu, na sehemu kubwa yake setilaiti iko chini chini. Ukipima utosini tu, umepima dakika za harusi ukasahau ndoa.

Dawa: pima antena ikiwa ndani ya paa lenyewe, pamoja na kioo chenyewe, gundi na kitambaa cha ndani. Zungusha gari pande zote, kwa nyuzi 10, 20 na 30. Andika desibeli, "imekwenda" na "haikwenda" si vipimo. Mtengenezaji wa kioo aache kidirisha kisichopakwa utando, na umwombe mapema, kabla kalibu ya kioo haijachongwa. Akikataa, antena itoke nje, mbunifu anune. (Mabati ambayo mwenye gari atafunga juu ya paa hayana dawa, yaandike kwenye kitabu cha maelekezo.)

3. Dopla, yaani masafa kubadilika kwa sababu setilaiti inakukaribia au inakuacha. Kwa gigahezi 2, setilaiti hiyo ya kilomita 600 ikichomoza masafa yake yamesogea karibu kilohezi 46 juu, na ikizama yamesogea kiasi hichohicho chini. Sahihisha kabla ya kutuma, kwa GNSS (setilaiti za kujua mahali ulipo, kama GPS) na efemerisi mpya. Efemerisi ya wiki mbili ni ramani ya mji uliohamishwa.

4. Setilaiti ikichomoza, magari elfu kumi yasiitike "nipo!" kwa pamoja. Weka subira ya nasibu, kila gari na muda wake, uirefushe kila ujumbe unaposhindwa. Na usifute kitu kwenye foleni kabla risiti haijarudi. Aliyefuta mapema hugundua mteja akiuliza gari lake liko wapi.