Monita ya chogo: usidanganywe na kasuku

Trinitron yangu, monita ya chogo ya Sony ya inchi 17, niliinunua kwa sababu ya kasuku. Muuzaji aliiwasha, picha ya kasuku ikatokea, mwekundu wa kuwaka na kijani kibichi, mpaka nikasahau kupunguza bei. Nyumbani nikafungua ukurasa mtupu wa kuandikia. Kona ya kushoto ilikuwa ya pinki, na kila herufi nyeusi ilikuwa na kivuli chekundu ubavuni. Kasuku alikuwa ameyafunika yote hayo.

Ile pinki niliisababisha mwenyewe. Spika nilizibana kando ya monita, na sumaku zake hupindisha njia ya elektroni zinazowasha rangi za kioo, zikagonga rangi isiyo yao. Nikazisogeza, nikabonyeza kitufe cha kuondoa usumaku: “dung’!”, picha ikatetemeka kama maji kwenye beseni, weupe ukarudi. Kivuli chekundu kilipungua monita ilipopata moto, ila hakijaisha hadi leo.

Sasa naenda dukani na flashi yenye picha tatu: nyeupe tupu, kijivu cha mwanga na kijivu cha giza. Naomba monita iwake nusu saa kwanza. Muuzaji atanuna, mwache anune. Kijivu kinatakiwa kibaki kijivu kona hadi kona. Cha giza kikiegemea wekundu na cha mwanga kikiegemea kijani, nyekundu, kijani na buluu hazilingani nguvu. Fundi anaweza kurekebisha, lakini usifungue mwenyewe: ndani mna volti zaidi ya 20,000, na nyingine hubaki hata ukichomoa waya. Nyeupe ikiwa njano, kabla hujailaumu tyubu (kioo chenyewe cha picha) kagua waya wa VGA, ule unaoleta picha kutoka kwenye kompyuta. Pini ya buluu ikipinda, matokeo ni hayo hayo.

Je, Trinitron ina rangi nzuri kuliko monita za kawaida? Kwa ukali wa rangi, ndiyo. Za kawaida zina bati lenye vitundu nyuma ya kioo. Sony, tangu 1968, waliweka nyuzi za chuma zilizosimama wima, hivyo mwanga mwingi zaidi hupita. Gharama yake ni mstari mmoja au miwili hafifu inayokatiza kioo, kivuli cha waya unaozuia nyuzi zisitikisike. Kwenye ukurasa mweupe utauona, na ukishauona huwezi kuusahau. Kwa kusoma maandishi mimi natumia monita yangu nyingine, ya kawaida, ya inchi 14, yenye nafasi ya milimita 0.28 kati ya nukta. Zenye 0.39 herufi zake zina manyoya.

Na kahawia je? Nina monita moja ya CGA, mfumo wa zamani wa rangi wa kompyuta za IBM, ila monita yenyewe si ya IBM, niliyopewa ofisi fulani ilipokuwa ikitupa vitu. Nilicheza gemu ardhi ikawa rangi ya haradali, nikadhani tyubu imechoka. Kumbe kati ya rangi 16 za CGA, namba 6 kwa hesabu ni njano iliyofifia. Monita ya IBM 5153 ya mwaka 1983 ina sakiti ndani inayopunguza kijani kwenye rangi hiyo peke yake, ndipo inakuwa kahawia. Yangu haina sakiti hiyo. Ardhi imebaki haradali, na nimeshaizoea.