Kwa nini jimbo la Texas linamwongezea mshahara jaji wa kaunti

Mkuu, umeuliza kwa nini jimbo la Texas limlipe nyongeza jaji wa kaunti wakati kaunti yake tayari inampa mshahara, na ukahisi hapo kuna ulaji. Nimekuwa karani kwenye kaunti moja ndogo huko kwa miaka kadhaa na faili za mirathi zilipita mikononi mwangu, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu.

Jaji wa kaunti wa Texas anachaguliwa kwa kura kila baada ya miaka 4. Ndiye anayeongoza kikao cha makamishna wanne kinachopitisha bajeti, barabara na jela ya kaunti. Katiba ya jimbo haimlazimishi awe mwanasheria, inataka tu awe anaifahamu vyema sheria ya jimbo. Na bado, kwenye kaunti ndogo, huyohuyo ndiye hakimu.

Niliyefanya naye kazi aliweza kushinda asubuhi nzima akibishana na makamishna kuhusu bei ya kokoto, mchana akaingia mahakamani kusikiliza ndugu wanaogombea shamba la marehemu baba yao, kisha shauri la kumteulia mlezi bibi ambaye kumbukumbu zimemtoka. Usiku anapigiwa simu kuhusu mgonjwa wa akili anayehitaji amri ya kupelekwa hospitali. Ukiongeza makosa madogo ya jinai, kazi ya mahakama inakula siku zake. Kazi hiyo anaifanya kwa sheria za jimbo, na ndiyo maana naona ni haki jimbo lichangie. Texas ina kaunti 254, na Loving ilikuwa na watu 64 tu kwenye sensa ya 2020. Kaunti kama hiyo utaiambia iajiri jaji wa pili kwa kodi ipi?

Fedha hazitoki hivihivi. Angalau asilimia 40 ya majukumu yake, au ya saa zake za kazi, lazima iwe ya kimahakama, na anawasilisha hati ya kiapo kwa Mdhibiti wa Fedha wa jimbo. Nyongeza ni asilimia 18 ya mshahara wa msingi ambao jimbo linamlipa jaji wa wilaya, yaani jaji wa mahakama iliyo juu ya ile ya kaunti. Mshahara huo ulipokuwa dola 140,000, nyongeza ilikuwa dola 25,200 kwa mwaka. Makamishna nao wamekatazwa kupunguza fungu la kaunti kwa sababu tu jimbo limeongeza. Kifungu hicho nakipenda sana, maana bila hicho nyongeza ingeishia kuziba pengo la bajeti.

Wasiwasi wako una mashiko kwenye hiyo asilimia 40. Kaunti kubwa kama Harris zina mahakama nyingine za kaunti na za mirathi, hivyo jaji wa kaunti anabaki na utawala tu. Ugumu uko kwenye kaunti za kati, ambako mahakama nyingine imeshaundwa na mashauri mengi yamehamia huko. Hapo kiapo kitupu hakinitoshi. Ningependa kila jaji anayelipwa aambatanishe orodha ya mashauri aliyosikiliza mwaka huo. Makarani tunayo tayari, ni suala la kuichapa tu.

Kama kuna kaunti unayoitilia shaka, omba nakala ya kiapo kwa Mdhibiti wa Fedha, kisha nenda kwa karani wa kaunti uangalie mashauri yaliyosikilizwa na jaji huyo.