Umebadilisha umbo la gari, umepimaje?

*Shikamoo fundi. Nimefunga plastiki chini ya bampa ya mbele ya IST yangu, na safari ya Dar hadi Morogoro nimetumia mafuta kidogo kuliko mwezi uliopita. Inafanya kazi? (Kibaha)*

Marahaba. Safari ile haiwezi kukuambia. Mwezi uliopita ulikaa nyuma ya malori Chalinze? Ulibeba watu wangapi? Pampu ya kituo kimoja hukata mapema, ya kingine huchelewa, na tofauti yote unayoisifia inaweza kuwa imetoka hapo. Nimeshaandika mara nyingi: msiniletee hesabu za geji ya mafuta.

Tafuta barabara tambarare isiyo na magari, alfajiri kabla upepo haujaanza. Endesha kwanza hadi tairi zipate moto. Chukua mtu wa kushika saa; dereva macho yake yawe barabarani. Fika 85, weka nyutro, apime sekunde kutoka 80 hadi 60; sekunde zikiwa nyingi, upinzani ni mdogo. Geuza, pima upande wa pili, maana mwinuko mdogo macho hayauoni. Rudia mara kadhaa. Vua plastiki, pima. Kisha ifunge tena, upime tena. Hatua hii ya mwisho ndiyo wengi wanairuka, na ushahidi wote uko hapo: sekunde zisiporudi zilipokuwa, ulichopima ni upepo uliobadilika, si plastiki.

Injini usiizime kamwe. Breki hupoteza msaada wake na usukani unaweza kujifunga.

Ujue pia kwamba ukiongeza mwendo mara mbili, upinzani wa hewa unapanda mara nne. Kwenye foleni ya Mandela plastiki hiyo haikusaidii chochote.

*Keria tupu juu ya paa inakula mafuta? (Mwanza)*

Ndiyo. Ivue leo.

*Nyuzi za sufu za kuonyesha hewa inavyopita kwenye bodi nibandike wapi? (Arusha)*

Swali zuri. Kata vipande vya urefu wa kidole, bandika ncha moja kwa selotepu: nyuma ya paa, pembeni mwa kioo cha nyuma, kwenye kona za bodi. Abiria wa gari lingine apige video. Uzi uliolala kufuata mwendo unaonyesha hewa imeshika bodi; unaopigapiga au kugeukia mbele, hewa imeachia. Gari lenye mgongo uliokatwa wima, nyuzi za mlango wa nyuma zitavurugika tu, usihangaike nazo. Tazama ukingo wa paa. Nyuzi zinaonyesha mahali pa tatizo, hazikupi ukubwa wake. Kwa hilo rudi kwenye saa.

*Vipembe vya plastiki vya kubandika juu ya paa je? (Nakuru)*

Mitsubishi walichapisha utafiti wao mwaka 2004 kuhusu vipembe vya aina hiyo kwenye Lancer Evolution. Vikiwa na umbo na mahali palipochaguliwa kwa vipimo, kigawo cha upinzani, yaani namba inayoonyesha jinsi umbo la gari linavyopingwa na hewa, kilishuka kwa 0.006. Basi. Ukivibandika kwenye Noah kwa kukadiria macho, unapamba gari.

*Nataka kujitengenezea spoila ya plaiwudi nyuma. (Dodoma)*

Usifanye. Audi TT ya kwanza ilipata ajali mbaya za mwendo kasi Ujerumani, na Audi wakaita magari yarudi kuongezewa spoila ndogo ya nyuma. Kipande kile kilipimwa. Chako kikikandamiza nyuma ya ekseli, kinainua pua ya gari, na usukani unakuwa mwepesi pale unapouhitaji. Na riveti zikiachia, ubao unamkuta mtu wa bodaboda kifuani.

*Nimeziba grili kwa kadibodi, gari limekuwa jepesi. (Iringa)*

Hewa kidogo ikiingia, upinzani unapungua kweli. Ila kwenye magari mengi ya otomatiki oili ya giaboksi nayo inapozwa kwenye rejeta hiyo hiyo, na geji ya dashibodi haikuonyeshi joto lake. Ukipanda Kitonga na mzigo, kadibodi iwe imeshatoka.