Maswali ya Wasomaji: Mkeka wa Ufukweni Unaishia Wapi?

SWALI: Mhariri, natumia kitimwendo tangu nilipoumia uti wa mgongo miaka sita iliyopita, na tangu hapo sijaingia baharini. Mwaka jana familia yangu ilinipeleka katika hoteli ambayo tangazo lake lilikuwa na alama ya kitimwendo. Kutoka maegesho hadi barazani palikuwa na njia nzuri ya saruji, lakini baada ya baraza zilifuata ngazi tatu na mchanga mtupu. Wapwa zangu walinibeba mgongoni mbele ya watu, wakanikalisha juu ya taulo kama mzigo, na nilipohitaji kwenda chooni ikabidi nibebwe tena. Safari hii nataka kuuliza mapema. Niulize nini, na nimuulize nani?

JIBU: Dada yangu, tangazo hilo pengine halikudanganya kuhusu hoteli, lilinyamaza tu kuhusu ufukwe. Alama ya kitimwendo hubandikwa kwa sababu ya jengo, yaani mlango, lifti na choo cha chumbani, na mara nyingi aliyeibandika hakufikiri kwamba mgeni wake angetaka pia kulowa. Kwa hiyo swali la "je, ufukwe wenu unafikika?" liache kabisa, kwa maana jibu lake huwa ni ndiyo. Uliza swali ambalo mtu hawezi kulijibu bila kuinuka na kwenda kutazama. Mimi, ambaye pia natumia kitimwendo, huanza na hili: mkeka unaishia wapi maji yakiwa yamejaa, na unaishia wapi yakiwa yamepwa?

Mkeka ninaousema ni ule wa nyuzi za poliesta, au wa vipande vya mbao au plastiki vilivyounganishwa, unaotandikwa juu ya mchanga ili magurudumu yasizame. Kitimwendo cha kawaida huweka sehemu ya uzito wako juu ya magurudumu mawili madogo ya mbele, na katika mchanga mkavu magurudumu hayo hayaviringiki, bali yanachimba. Ndiyo maana anayekusukuma huona nafuu akikugeuza na kukuvuta kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia. Mchanga uliolowa karibu na maji mara nyingi huwa mgumu na hubeba vizuri zaidi, lakini kuufikia ni lazima kwanza uvuke ule ukanda wa mchanga teketeke, na mkeka mwingi huishia humo humo.

Niliwahi kufika asubuhi katika ufukwe mmoja ambao mkeka wake ulikuwa mpya, wa buluu, umenyooka kama rula, na maji yalikuwa yakiigusa ncha yake. Nikasema nitashuka alasiri jua likipungua makali. Saa tisa mkeka ule ule ulikuwa unaishia kwenye mstari wa majani ya bahari yaliyokauka, na maji yalikuwa mbali kiasi kwamba watoto waliokuwa wakicheza humo walionekana wadogo kama kunguru. Mtunza ufukwe alinieleza kwa upole kabisa kwamba mkeka ni wa mita ishirini, basi.

Ukipiga hesabu utaona kwa nini. Ufukwe ukishuka mita moja kwa kila mita 50, na maji yakipungua kimo cha mita tatu, ukingo wa maji unasogea mita 150. Katika fukwe nyingi, kutoka maji kujaa hadi kujaa tena hupita takriban saa 12 na dakika 25, kwa hiyo saa iliyokufaa Jumamosi haitakufaa Jumatano. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua, na kama unaweza kuchagua tarehe ya safari, chagua hizo. Fika saa moja au mbili kabla ya maji kujaa, ili uingie na kutoka kabla hayajakukimbia.

Swali la pili lihusu kiti chenyewe. Ukiambiwa kwamba kuna kiti cha ufukweni, uliza ni cha namna gani. Kile chenye matairi manene laini kama puto hupita juu ya mchanga bila taabu, lakini huwezi kukiendesha kwa mikono yako mwenyewe. Utahitaji mtu wa kukusukuma muda wote, na vingi havina breki. Kile cha kuelea, kama Tiralo iliyobuniwa Ufaransa, hukuingiza majini ukiwa umeketi. Hata hivyo, kuelea kwake kusikudanganye, kwani wimbi linaweza kukipindua, kwa hiyo vaa jaketi la kuokolea maisha na uwe na mtu anayejua kuogelea kando yako. Ninachokipenda mimi kuliko vyote ni mtambo wa Seatrac wa huko Ugiriki: kiti hupanda juu ya reli inayoteremka hadi ndani ya maji, kwa nguvu ya jua, na mwenyewe ukakiendesha kwa rimoti. Baada ya miaka ya kusukumwa, kubonyeza kitufe na kuingia baharini bila kumwomba mtu ni jambo ambalo mzima wa miguu hawezi kulielewa haraka. Kokote uendako, uliza kiti kiko kimoja au viwili, na kama unaweza kukiwekea nafasi, maana kiti kimoja katika ufukwe uliojaa watu ni foleni.

Kuhusu choo na njia, uliza kwa sentimita. Rampu inayokubalika hupanda sentimita moja kwa kila sentimita 12 za urefu, kwa hiyo ngazi zako tatu, tuseme za sentimita 45 kwa jumla, zilihitaji rampu ya zaidi ya mita tano. Mtu akikwambia "tutaweka ubao", jua hajapima.

Usiishie kwenye bendera wala lebo. Masharti ya Blue Flag, bendera ya kimataifa ya ubora wa fukwe, yanataka angalau ufukwe mmoja wenye bendera hiyo katika kila manispaa uwe na njia na huduma za watu wenye ulemavu. Maana yake ni kwamba ufukwe ulio mbele yako unaweza kuwa na bendera na usiwe huo mmoja.

Sasa kuhusu mwili, na hapa naomba univumilie nikirefusha. Kwa kuwa uti wako wa mgongo uliumia, ngozi ambayo haihisi haitakuambia kwamba mchanga unaunguza au kwamba kombe limekata kisigino. Vaa viatu vya majini hata kama hukanyagi, hamisha mto wako wa kukalia uuweke juu ya kiti cha ufukweni ikiwa kinaruhusu, na kagua ngozi jioni kwa kioo. Chini ya sehemu iliyoumia mwili huenda hautoi jasho vya kutosha, kwa hiyo joto hupanda bila wewe kujua. Kaa na kitambaa kilicholowa shingoni. Mwavuli pekee hautoshi, kwani mchanga mkavu huakisi takriban asilimia 15 ya miale ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi. Ikiwa jeraha lako liko kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, basi kichwa kikianza kugonga ghafla, uso kuwa mwekundu na jasho kukutoka usoni, usidhani ni jua: inaweza kuwa shinikizo la damu limepanda kwa sababu kibofu kimejaa, mpira wa mkojo umejikunja au nguo imebana. Uketishwe wima, nguo zilegezwe, chanzo kitafutwe na kuondolewa, na lisipotulia mara moja iitwe huduma ya dharura. Wapwa zako wafundishwe hayo kabla ya safari.

Umeuliza pia umuulize nani. Usimuulize anayepokea simu za vyumba, bali anayetunza viti vya ufukweni au waokoaji, na umwombe picha iliyopigwa siku hiyo hiyo, ikionesha ncha ya mkeka na maji katika fremu moja. Huombi fadhila. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 30, unataja burudani na mapumziko kuwa haki, na mtu kubebwa mgongoni na wapwa zake hakuwezi kuhesabiwa kuwa ni kufikiwa kwa haki hiyo.

SWALI: Kitimwendo changu ni cha umeme. Nikienda polepole, kinaweza kupita kwenye mchanga hadi majini?

JIBU: Hapana, kaka, na tafadhali usijaribu kwa "kidogo tu". Viti vingi vya umeme vina uzito unaozidi kilo 100 pamoja na betri. Kikizama, hata watu wanne hawakiinui kwa urahisi, na maji ya chumvi yakiingia kwenye mota au rimoti ya kuendeshea unaweza kuachwa bila miguu yako safari nzima. Kiache juu ya mkeka au saruji, kivulini, kimefunikwa. Uhamie kwenye kiti cha ufukweni ukiwa bado pale pagumu, kwani mchangani vyote viwili hucheza. Magurudumu ya kiti kisicho na breki yakingwe kwa mawe au yashikwe na mtu. Kama huhamishwa kwa winchi ya kuinulia, uliza kabla hujaondoka kama ipo na kama kombeo lako, yaani kitambaa kinachokubeba ukiinuliwa, linaingiana nayo.

SWALI: Natembea kwa magongo na mguu mmoja wa bandia. Kitimwendo sihitaji, lakini mchanga unanishinda.

JIBU: Ncha ndogo ya gongo huzama kama kigingi, zipo ncha pana za kubadilisha, mithili ya sahani ndogo, zinazosambaza uzito. Tembea juu ya mkeka kadiri unavyokwenda, kisha kwenye mchanga uliolowa, na pumzika njiani kabla hujachoka. Magongo yaache ukingoni, uingie majini kwa kushikwa mkono, kwa maana wimbi likiyavuta yatakuvuta nawe. Muulize fundi wako wa viungo bandia kama goti na kifundo chako vinastahimili maji ya chumvi, maana vingi havistahimili. Na hata vile vinavyostahimili vioshwe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, chembe za mchanga zisije zikasaga maungio.