Barua kwa mwanangu: bili za kodi zilizokuja baada ya kununua nyumba California

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma vizuri. Nyumba umeinunua mwezi Machi kwa dola 800,000, kodi ya majengo mkagawana na muuzaji siku ya kukabidhiana, na benki inakukata fedha za kodi hiyohiyo kila mwezi. Halafu Novemba zikaingia bili mbili kwa jina lako, moja ya dola 1,500 na nyingine ya dola 5,928, na ulipopiga simu benki wakakwambia haziwahusu. Unauliza kama kaunti imekosea au kama kuna tapeli ndani yake.

Hakuna kosa wala utapeli. Hizo ni bili za nyongeza, na huko California karibu kila anayenunua nyumba huzipata. Linaloniuma ni kwamba watu wengi hawaambiwi mapema, na bili zinakuja wakati akiba yote imeishia kwenye malipo ya awali na kuhamia.

Chanzo chake ni Proposition 13, sheria ya California ya kodi ya majengo iliyopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1978. Tangu hapo thamani inayotozwa kodi hushikizwa kwenye bei ya siku nyumba iliponunuliwa, na baada ya hapo haipandishwi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka, hata bei ya soko ikipaa. Kiwango cha msingi ni asilimia 1 ya thamani hiyo, na juu yake huongezwa madeni ambayo wapiga kura wa eneo wameyaidhinisha, kama ya shule. Kwako jumla ni asilimia 1.2. Muuzaji wako alikaa miaka mingi, kwa hiyo kwenye daftari la kaunti, lile la thamani zinazotozwa kodi, nyumba ilikuwa bado ya dola 300,000. Ilipobadilisha mwenyewe ikathaminiwa upya kwa dola 800,000. Na tangu mwaka 1983 sheria haingoji daftari la mwaka unaofuata: tofauti ile ya dola 500,000 huanza kutozwa siku ya kwanza ya mwezi unaofuata usajili wa hati.

Sasa chukua kalamu tuhesabu pamoja. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Hati yako ilisajiliwa Machi 15, kwa hiyo nyongeza inaanza Aprili 1. Aprili, Mei na Juni ni robo ya mwaka. Asilimia 1.2 ya dola 500,000 ni dola 6,000, na robo yake ni dola 1,500. Hiyo ndiyo bili ya kwanza.

Ya pili inatokana na tarehe nyingine. Daftari la mwaka wa fedha unaofuata huandikwa kwa hali ilivyo Januari 1, na Januari 1 nyumba ilikuwa bado ya muuzaji. Kwa hiyo daftari hilo jipya nalo limebeba thamani ya zamani, ikiwa imepandishwa asilimia 2 kuwa dola 306,000. Tofauti na bei yako ni dola 494,000, na asilimia 1.2 yake kwa mwaka mzima ni dola 5,928. Kila anayenunua kati ya Januari 1 na Mei 31 hupata bili mbili hivi. Anayenunua kati ya Juni na Desemba hupata moja tu.

Jipime mwenyewe uone kama umeonewa. Bili ya kawaida ya mwaka huu, ile inayolipwa na benki, ni asilimia 1.2 ya dola 306,000, yaani dola 3,672. Jumlisha na zile 5,928 utapata dola 9,600, ambayo ni asilimia 1.2 ya dola 800,000 kamili, bila senti ya ziada. Kodi ya nyumba yako ni ileile moja, ila imekuja kwa vipande, na kipande kikubwa kimekujia wewe badala ya benki.

Benki haikudanganya. Akaunti ya eskro, yaani ile benki inamoweka makato yako ya kodi ya kila mwezi, hukusanya fedha za bili ya mwaka tu. Bili ya nyongeza haitumwi kwa mkopeshaji, inatumwa kwa mwenye nyumba. Unaweza kuwaomba wailipe, na wapo wanaokubali, lakini basi wataikata kutoka kwako kupitia malipo ya kila mwezi. Usiiweke bili kando ukidhani itashughulikiwa. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na kuchelewa siku moja ni faini ya asilimia 10.

Tarehe ziangalie kwa makini kwa sababu hazifanani na za bili ya kawaida. Ile ya kawaida mwisho wake ni Desemba 10 kwa awamu ya kwanza na Aprili 10 kwa ya pili. Bili ya nyongeza iliyotumwa kati ya Julai na Oktoba hufuata tarehe hizohizo. Zako zimetumwa Novemba, na kwa zinazotumwa kuanzia Novemba hadi Juni awamu ya kwanza huishia siku ya mwisho ya mwezi unaofuata, na ya pili miezi minne baadaye. Kwa hiyo una dola 750 na dola 2,964, jumla dola 3,714, kabla ya Desemba 31 kuisha, na kiasi hichohicho kabla ya Aprili 30 kuisha. Kila bili ina namba yake. Lipa kwa namba iliyo kwenye bili husika. Ukitumia namba ya bili ya kawaida, fedha zitaingia kusikotakiwa na ya nyongeza itabaki wazi ikisubiri faini. Ukilipa mtandaoni, chagua kukatwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, maana kadi huongezewa ada ya asilimia, na kwa fedha kama hizi ada hiyo si ndogo. Deni likivuka Juni 30, kuanzia Julai 1 huongezeka asilimia 1.5 kila mwezi, na nyumba ya kuishi ikikaa miaka mitano na deni hilo kaunti hupata mamlaka ya kuiuza.

Kabla ya bili, ofisi ya mthamini wa kaunti ilipaswa kukutumia notisi ya thamani mpya. Itafute. Angalia tarehe ya tukio iwe ya siku hati iliposajiliwa, na thamani mpya iwe bei uliyolipa. Ukikuta tarehe iliyotangulia ununuzi wako, huenda ni nyongeza iliyomhusu muuzaji, labda alijenga chumba au naye alikuwa amenunua karibuni. Sehemu hiyo hupaswi kuibeba wewe, wapigie. Kukata rufaa kwa bodi ya kaunti kuna muda wa siku 60. Zipo kaunti zinazohesabu tangu bili, lakini wewe hesabu tangu notisi uwe salama. Nikuambie wazi, kama thamani waliyoandika ni bei uliyolipa sokoni, rufaa ni ngumu, kwa sababu sheria huichukulia bei hiyo kuwa ndiyo thamani hadi ithibitishwe vinginevyo. Na hata ukikata rufaa, lipa kwa wakati, ukishinda utarudishiwa.

Kwa kuwa unaishi humo, omba msamaha wa mwenye nyumba. Hupunguza dola 7,000 kwenye thamani, kwako ni dola 84 kwa mwaka, na ukishaupata hauombwi tena kila mwaka. Fomu ni ya bure kwa mthamini. Utaletewa barua zenye nembo zinazofanana na za serikali zikidai ada ili wakuombee msamaha huo. Hizo zichane.

Jiandae pia kwa jambo ambalo hukuliuliza. Kama benki ilipanga makato yako kwa kodi ya muuzaji, inakukata dola 306 kwa mwezi. Januari inayofuata daftari litakuwa na bei yako, na likipandishwa asilimia 2 itakuwa dola 816,000, kodi dola 9,792, yaani dola 816 kwa mwezi. Juu yake watataka kujaza upungufu na kuweka akiba ya hadi miezi miwili. Waandikie sasa, uwapelekee notisi ya mthamini na uombe eskro ihesabiwe upya mapema. Upungufu ukiwa umefika kiasi cha mwezi mmoja wa eskro au zaidi, hawawezi kukulazimisha uulipe wote kwa mkupuo. Una haki ya kuulipa kidogokidogo kwa angalau miezi 12.

Yule mwenzako anayenunua nyumba mpya kutoka kwa mjenzi mwambie akae chonjo zaidi. Huko daftari mara nyingi lina thamani ya kiwanja kitupu, kwa hiyo tofauti ni karibu nyumba nzima. Maeneo mengi mapya pia yana tozo ya Mello-Roos, ya sheria ya mwaka 1982, kwa ajili ya barabara, shule na mabomba. Hiyo haifuati thamani ya nyumba na hudumu miaka mingi, nayo huonekana kwenye bili ya mwaka. Aombe kuiona kabla hajatia sahihi.

Nitumie picha ya notisi na ya bili zote mbili, pande zote, wiki hii, tuzipitie tarehe na namba pamoja kabla hujalipa.

Mama yako