Kwa mnaoanza kupanga visukuku vya sponji za baharini kutoka kwenye chaki (mwamba mweupe laini wa chokaa)

Nimekuta tena trei ya Ventriculites, sponji wa umbo la faneli, imeandikwa Calcarea, yaani sponji ambao spikuli zao (vijiti vidogo vya kiunzi) ni za chokaa. Jamani, wadogo zangu, mpaka lini?

1. Umbo la faneli lisiwazuzue. Raphidonema, sponji wa changarawe za Faringdon, Uingereza, ana umbo hilohilo na ni Calcarea kweli. Ventriculites ni Hexactinellida, yaani sponji wa kioo, wenye spikuli za silika za miale sita. Mantell, mtaalamu wa visukuku wa Sussex, Uingereza, alipompa jina mwaka 1822 hakuwa na namna nyingine ila kutazama umbo. Tangu Zittel, mtaalamu wa visukuku wa Munich, mwaka 1877, tunapanga kwa spikuli. Nyinyi hadubini iko mezani, mmeifunika nailoni!

2. Povu la asidi si jibu. Hili nalijua vizuri, maana nililifanya mwenyewe. Nilipewa faneli kutoka kwenye chaki ya Sussex, nikaidondoshea asidi hidrokloriki, ikatoa povu, nikaandika Calcarea kwa wino. Sikujiuliza kwamba chaki yenyewe ni kalisi kaboneti. Hata pasipo na sponji ingetoa povu. Spikuli za Ventriculites zilikuwa za silika, ila zikizikwa kwenye chaki huyeyuka, silika ikaenda kuwa gumegume, na pale zilipokuwa hubaki uwazi au kutu ya chuma. Kutu hiyo niliiona. Nikaidhania uchafu, nikachukua mswaki na maji, nikasugua upande mzima hadi ukawa mweupe pe. Nilijisikia fundi. Msimamizi wangu hakugomba, na afadhali angegomba. Aligeuza kielelezo upande ambao mswaki haukufika, akakiweka chini ya hadubini, akaniachia kiti. Miale sita inakutana kwa pembemraba, safu kwa safu, yote rangi ya kutu. Na kila fundo lina uwazi katikati uliozungukwa na vijiti, kama kandili. “Lychniscosida,” akasema, yaani kundi la Hexactinellida wenye mafundo ya kandili, akaenda zake kunywa chai. Nusu ya ushahidi ilikuwa imeshaingia kwenye sinki.

3. Fundo likiwa limejaa, halina kandili, hiyo si Lychniscosida.

4. Ukiona desma (spikuli za silika zenye matawi yasiyo na mpangilio) zilizofumana, uko kwa demosponji, kundi jingine la sponji. Anza kulinganisha na Siphonia, mmoja wao.

5. Lebo kwa penseli.

6. Spikuli zisipoonekana, andika Porifera (sponji kwa ujumla) na uishie hapo, hata bosi akinuna. Archaeocyatha, visukuku vya kale vya umbo la kikombe, hawana spikuli kabisa. Wamehamishwa kutoka matumbawe hadi mwani, wakapewa hata faila (kundi kuu la viumbe) yao wenyewe, kabla ya kutulia kwenye sponji. Trei yako nayo inaweza kusubiri hadi Jumatatu.